Nyumbu Ni Nukta

Kinachokaa akilini baada ya kuitazama filamu ya Serengeti darf nicht sterben si simba wala tembo. Ni ndege. Ndege ndogo ya injini moja, aina ya Dornier, iliyopakwa milia myeusi na myeupe kuanzia pua hadi mkia, kama pundamilia aliyeota mabawa. Inaruka chini, kivuli chake kinakimbia juu ya nyasi, na makundi ya wanyama yanagawanyika mbele yake. Watengenezaji wa filamu hiyo walikuwa wawili, baba na mwana: Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na Michael, aliyefariki kabla filamu haijatoka. Ilionyeshwa mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar kwa filamu ndefu ya maisha halisi. Kitabu chenye jina hilohilo kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa Kiswahili jina lake ningelitafsiri hivi: Serengeti Isife.

Kwa nini kuhakiki leo filamu ya zaidi ya miaka sitini? Kwa sababu bado tunaishi ndani yake. Kalenda ya benki yenye mti mmoja wa mgunga na jua linalozama, tangazo la utalii linaloanza kwa uwanda usio na mtu, video ya droni inayopita juu ya nyumbu wanaovuka Mto Mara: zote ni wajukuu wa filamu hii, hata kama waliozitengeneza hawajawahi kuisikia. Na kuna sababu nyingine. Filamu hii ilifanya jambo ambalo filamu za wanyama huwa hazifanyi. Ilikuja na ramani.

Tuanze na ramani, maana ndiyo iliyowaleta. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ikiwa pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro, na ndani yake walikuwamo Wamaasai na ng'ombe wao. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitaka kuigawa: upande mmoja uwe wa wanyama, upande mwingine uachiwe wafugaji. Ili kuchora mpaka huo ilibidi kujua wanyama wanakwenda wapi mvua zinapoisha, na hakuna aliyejua kwa uhakika. Watu waliwaona nyumbu wakija na wakawaona wakiondoka. Katikati ya hapo palikuwa na makisio. Akina Grzimek walikuwa na fedha za filamu yao iliyotangulia, na walifikiri kununua ardhi ili iongezwe kwenye hifadhi. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika akawaomba kitu kingine: wamsaidie kuhesabu wanyama na kufuata nyendo zao. Baba na mwana wakajifunza kurusha ndege, na Desemba 1957 wakaondoka Ujerumani kuja Afrika Mashariki.

Walichofanya kilikuwa kigumu, na kilikuwa kipya hapa. Waliruka kwa mistari sambamba, ukanda baada ya ukanda, wakihesabu kwa macho kila kilichokuwa chini. Waliwafunga baadhi ya wanyama mikanda ya rangi shingoni ili wawatambue watakapowaona tena. Walikusanya sampuli za nyasi zikapimwe, wapate kujua kwa nini nyumbu anaacha nyasi ndefu za hapa na kusafiri siku nyingi kufuata nyasi fupi za kule. Matokeo yakawekwa kwenye ramani: mishale inayoonyesha njia za makundi, ikipita juu ya mpaka uliopendekezwa. Mpaka ulikuwa unakwenda huku, wanyama wanakwenda kule. Huhitaji shahada yoyote kuuelewa mchoro huo.

Hapa ndipo filamu inaponivutia zaidi, na nadhani sifa hii haijapewa uzito unaostahili. Filamu nyingi za wanyama haziwezi kukosea, kwa sababu hazisemi kitu kinachoweza kupimwa. Zinaonyesha duma akikimbia, na duma kweli anakimbia. Basi. Serengeti Isife inasema: wako wangapi, wanapita wapi, kwa sababu gani. Imejiweka mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuja na kusema, "Hapana, umekosea." Picha na ramani zinabishana mbele yetu. Picha inasema wanyama wamejaa uwanda mzima, ramani inauliza uwanda gani, mwezi gani. Ramani inachora mshale, picha inaonyesha vumbi na kwato vilivyouzaa mshale huo. Kila kimoja kinakizuia kingine kisizidishe chumvi. Kwa kipande hicho, filamu hii ni hodari kuliko nyingi zilizoifuata, pamoja na zile zenye kamera za kisasa zinazoweza kuhesabu kope za twiga.

Na kweli, watu walikuja wakasema wamekosea. Hesabu ya akina Grzimek ilipata wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu 99,481. Angalia hiyo moja ya mwisho. Namba iliyokamilika mpaka kwenye mamoja ina haiba yake: inatuaminisha kwamba mtu aliwapitia wote, mmoja mmoja, kama mchungaji anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Lakini mtu aliye ndani ya ndege inayokimbia, akitazama kundi la maelfu lililotimua vumbi, hahesabu. Anakadiria. Mwaka 1961 ilifanyika hesabu nyingine, safari hii kwa kupiga picha kutoka angani, na nyumbu wakawa zaidi ya 200,000. Huenda baadhi waliongezeka, huenda wengine walikuwa nje ya eneo mara ya kwanza, lakini nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Idadi haiwezi kuongezeka zaidi ya maradufu kwa uzazi peke yake katika muda mfupi kiasi hicho. Jicho lilikuwa limewapunja.

Tofauti ya hesabu hizo mbili inanifundisha kuhusu upigaji picha kuliko darasa lolote la sanaa. Kwenye picha iliyopigwa kutoka juu, nyumbu ni nukta. Hana ndevu, hana macho, wala ule uso mrefu wa huzuni unaotufanya tumcheke na kumpenda. Picha hiyo hutaitundika ukutani. Lakini inaweza kuwekwa mezani, chini ya kioo cha kukuzia, na mtu akaweka alama kwenye kila nukta. Kisha mtu wa pili, asiyemwamini wa kwanza, akaihesabu upya. Ndege imekwisha kutua, kundi limekwisha kuhama, na ushahidi bado uko pale. Hiyo ndiyo thamani ya picha katika sayansi ya viumbe: inamruhusu mwenye shaka arudi. Picha nzuri ya ukutani inataka umwamini mpiga picha. Ile mbaya yenye nukta inakukaribisha umkague.

Sasa tugeukie kile ambacho picha na ramani zote mbili hazikukiona.

Ukiitazama filamu hii sauti ikiwa imezimwa, unabaki na hisia moja: hapa ni mahali pa kale sana, ambapo hapajawahi kuguswa, na kinachopatishia ni binadamu anayekaribia. Tishio linaonekana kwa macho. Ni mitego ya waya, ni wawindaji haramu, ni ng'ombe. Kamera inapenda tishio la namna hii kwa sababu lina umbo. Lakini kilichokuwa kikiwaua nyumbu kwa wingi wakati ule hakikuwa na umbo la kupigwa picha. Kilikuwa sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na wanyama jamaa zao, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kukaa miaka mingi. Ndama wa nyumbu walikuwa wakifa kwa sotoka kila mwaka.

Basi ni nini kilichowaokoa? Ng'ombe wa wafugaji waliolizunguka eneo la Serengeti walichanjwa. Virusi vilipokosa ng'ombe wa kuishi ndani yake, vikatoweka pia kwa wanyamapori, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika takriban milioni 1.3. Yaani ile picha kubwa ya uhamaji tunayoiuza leo duniani kote, mto mweusi wa wanyama usio na mwisho, si mabaki ya dunia ya kale. Ni matokeo ya sindano kwenye shingo za ng'ombe. Akina Grzimek, kwa vifaa walivyokuwa navyo, hawakuweza kuliona hilo, na siwalaumu kwa hilo. Ila ni somo la kukumbuka kila tunapoonyeshwa picha ya hatari: hatari inayopigika picha si lazima iwe ndiyo inayoua.

Kuna jambo la pili, na hapa lawama ipo. Nalo ni ule utupu.

Uwanda mpana usio na nyumba ndio sura kuu ya filamu, na filamu inauchukulia kama hali ya asili. Lakini utupu una tarehe. Mwezi Machi 1892 mpelelezi wa Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro akielekea Serengeti, na kitabu chake cha mwaka 1894 kimejaa Wamaasai waliokuwa wakifa kwa njaa, kwa sababu sotoka ilikuwa imewamalizia ng'ombe. Kwa hiyo Wazungu waliofika miaka iliyofuata na kuona uwanda mtupu, hawakuona mwanzo wa dunia. Waliona eneo lililotoka kwenye msiba. Hata jina lenyewe linashuhudia: Serengeti, kama inavyosimuliwa, ni neno la Kimaasai, siringet, lenye maana ya mahali ardhi inapokwenda bila kukoma. Ardhi hupewa jina na mtu aliyetembea juu yake. Na huko Moru, ndani ya hifadhi, bado kuna miamba yenye michoro ya ngao za Kimaasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Watalii huipiga picha. Nayo ni kumbukumbu ya eneo hilo pia, iliyochorwa na jicho lililosimama ardhini.

Bernhard Grzimek aliwajua Wamaasai, na alikiri kwamba si wao waliokuwa wakiwinda wanyama wale. Hata hivyo msimamo wake ulikuwa kwamba hifadhi ya taifa, ili ifanye kazi yake, lazima iwe pori lisilo na watu, hata wale waliozaliwa hapo. Huo ni msimamo wa siasa ya ardhi. Mtu anaweza kuutetea au kuupinga kwa hoja. Lakini tazama unavyoingia kwenye filamu. Idadi ya nyumbu ilitafutwa kwa safari nyingi za angani. Njia za nyumbu zilitafutwa kwa mikanda ya rangi. Nyasi zilipelekwa kupimwa. Wazo la kwamba ng'ombe na nyumbu hawawezi kugawana uwanda lilipewa nini? Lilipewa picha nzuri. Pale Grzimek alipoitumia picha kama ushahidi, alikuwa mwanasayansi. Pale alipoitumia kama hisia, alipitisha sheria bila kikao.

Haitakuwa haki kusema filamu ndiyo iliyowahamisha watu. Mwaka 1958, kabla haijatoka, wazee wa Kimaasai walikwisha kuwekwa kwenye makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi ambamo wafugaji wangeruhusiwa kuishi pamoja na wanyama. Akina Grzimek walipinga kutengwa huko na hawakusikilizwa. Hawakushinda vita vya mpaka. Walishinda vita vya macho. Filamu ilileta fedha, watalii na huruma ya dunia, na ikaacha kipimo ambacho tangu hapo kila picha ya Serengeti hupimwa nacho: kukiwa na boma ndani ya picha, picha imeharibika.

Kifo cha Michael kimefanya uhakiki kuwa mgumu zaidi. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yenye milia iligongana na tumbusi na kuanguka. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akaletwa kupumzika kando yake. Mbele ya kaburi mtu hupunguza sauti, na inafaa apunguze. Lakini filamu iliyofungwa kwa msiba hupata kinga ambayo filamu nyingine hazina, na wanyama wenyewe wala wafugaji hawafaidiki na kinga hiyo. Marehemu alikufa akitafuta hesabu sahihi. Kuikagua hesabu yake ni namna ya kumheshimu.

Nikitafuta mfano wa kazi inayofanya vizuri pale filamu hii inapoteleza, naupata Serengeti palepale, na hauna uzuri wowote wa kusifiwa. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa wakisoma maisha ya simba walianza kuweka kamera za mtego 225, zilizopangwa kwa mraba katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hujipiga yenyewe kitu kinapopita mbele yake. Hadi mwaka 2013 zilikuwa zimetoa seti za picha milioni 1.2, na watu wa kawaida kutoka pembe zote za dunia wakajitolea kuzisoma mtandaoni na kusema kilichomo. Kazi hiyo iliitwa Snapshot Serengeti. Kati ya seti hizo milioni 1.2, zilizokuwa na mnyama ni takriban 322,000 tu. Nyingine zote zilikuwa nyasi zilizotikiswa na upepo, kivuli, joto la mchana. Hamna kitu.

Nazipenda hizo picha za "hamna kitu". Nyingi ni mbaya: tawi limeziba, jua limeunguza nusu ya picha, fisi ameingiza sikio moja tu. Ila kila moja ina mahali na saa. Inasema: mimi nilikuwa kwenye mti huu, dakika hii, nikitazama upande huu, na sikuona mtu wala mnyama. Utupu wake haudai kuwa utupu wa milele. Katika filamu ya Grzimek utupu ni uzuri, na uzuri hauulizwi tarehe. Kwenye kamera ya mtego utupu ni taarifa, na taarifa ina mipaka yake. Mipaka ya kamera hizi nayo ni wazi: zimefungwa ndani ya hifadhi, kwa hiyo hazina la kutuambia kuhusu ng'ombe na nyumbu wanapokutana nje yake. Lakini angalau hazijifanyi kuwa zinajua.

Haya si mambo ya wapenzi wa filamu za zamani peke yao. Juni 2022 vigingi viliwekwa Loliondo kutenga eneo la kilomita za mraba 1,500, katikati ya upinzani mkali wa wakazi, na mwezi huohuo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zikaanza kupelekwa Msomera, wilayani Handeni. Katika mjadala ule simu zetu zilijaa picha na ramani. Hapa ng'ombe wengi karibu na wanyamapori, pale mama na mizigo yake. Hapa ramani ya mapito ya nyumbu, pale ramani ya vijiji. Tulizisambaza kama mawe, kila mmoja akirusha la upande wake. Nina maoni yangu kuhusu uamuzi ule, na msomaji ana yake. Ninachokiona kama mhakiki ni kwamba wachache waliuliza picha ile ilipigwa mwezi gani, wakati wa mvua au kiangazi, maana ng'ombe wa Machi na ng'ombe wa Septemba hawasimami sehemu moja. Wachache waliuliza ramani ile ilichorwa kujibu swali gani. Ramani ya mapito ya wanyama si uongo kwa sababu haina mapito ya watoto kwenda shule. Inakuwa uongo pale inapowekwa mezani kama ramani ya kila kitu.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, kwa filamu ya mwaka 1959 na kwa video ya droni ya jana: je, inatuambia jicho lilisimama wapi? Juu kiasi gani, msimu gani, nani aliyeachwa nje ya fremu, na je, tunaweza kurudi kuhesabu wenyewe? Serengeti Isife inafaulu nusu ya mtihani huu kwa alama za juu. Katika nyumbu, nyasi na mishale ya ramani, iko wazi kiasi kwamba wengine waliweza kuisahihisha, na kusahihishwa kwake ni ushahidi wa ubora wake. Katika habari ya watu na utupu, inafeli, kwa sababu pale haikutuachia cha kuhesabu.

Itazameni. Inapatikana, na bado ina nguvu: milia ile ya ndege, vumbi lile, ujasiri wa watu wawili kuuliza serikali kama mpaka wake unajua kwato zinapopita. Itazameni mkiwa na ramani ya leo mkononi, yenye Ngorongoro, Loliondo na Mara juu yake. Na jina lake mlitafakari kwa Kiswahili. "Isife" ni kitenzi cha kuamrisha au kuomba, lakini hakimtaji anayeomba wala anayeombwa. Kijerumani cha asili nacho kinamficha. Miaka sitini baadaye, kazi iliyobaki ni kulijaza pengo hilo: nani anasema isife, anamwambia nani, na amesimama wapi anapoyasema hayo.